Seva ya Kisiwani Ilipozimwa Katikati ya Kazi

Vijana wangu mnaokalia kiti nilichokiacha, shikamoo zenu zilinifikia, marahaba. Mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukibadilisha mfumo endeshi wa seva iliyo mbali, mahali ambapo mkono haufiki. Nimechukua wiki tatu. Mke wangu, Mama Kulwa, kila akipita mezani ananiuliza, "Bado uko kwenye salamu?" Mwandiko wangu ni wa polepole tangu shuleni, na shule yenyewe niliishia darasa la saba.

Mtaniona najisifu. Ni kweli, najisifu. Miaka yote kwenye vikao nilikaa karibu na mlango, na nikiulizwa jambo niliangalia meza. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, basi acheni niseme.

Sisi Wasukuma tuna desturi ya kugawa ng'ombe. Huwaweki wote zizi moja. Wengine unawapeleka kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ugonjwa ukiingia kwako usimalize wote. Yule ng'ombe ni wako na unajua hata alama ya sikio lake, lakini hali yake unaipata kwa kuulizia tu. Akilala chini huwezi kumpapasa. Seva ya mbali ni hivyo hivyo. Ikikuitikia unafurahi, ikinyamaza hujui imekufa au imesinzia.

Kazi nilijifunza kwa Jayanti-bhai, fundi wa Kihindi aliyekuwa na duka la kutengeneza redio hapa mjini, kompyuta zilipokuja akahamia kwenye kompyuta. Alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizito kuliko cha watoto wangu. Aliniajiri kubeba na kufungua maboksi. Maneno ya Kiingereza yaliyotokea kwenye skrini niliyanakili herufi kwa herufi kwenye daftari, tukifika kwenye chai namwuliza maana. Hakuwahi kunicheka kwa kutojua. Alinicheka nilipoharakisha.

Siku aliyonicheka zaidi ni hii. Tulikuwa na seva kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, Sengerema, ng'ambo ya ziwa, na daraja lilikuwa bado. Nikiwa dukani Mwanza nilitaka kuimarisha ukuta wa ulinzi wa ile seva, yaani kuchagua nani aingie na nani azuiwe. Nikaandika amri ya kufunga milango yote, kabla ya kuandika amri ya kuacha mlango wangu wazi. Nikabonyeza. Skrini ikatulia tuli.

"Imekwama?" Jayanti-bhai akauliza.

"Haijakwama, bhai. Nimejifungia nje."

"Na ufunguo?"

"Uko ndani."

Alivua miwani akaifuta kwanza. "Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "wezi wanaingia nyumba za watu bila ufunguo. Wewe mwenye nyumba umeshindwa!"

Kesho yake nilipanda kivuko, kisha basi, nikafika kiwandani, nikaandika mstari mmoja, nikarudi. Siku nzima kwa mstari mmoja. Mlinzi wa kiwanda aliniuliza kama ndiyo nimemaliza, nikamwambia ndiyo, akaniangalia kama tapeli.

Tangu hapo nikawa na utaratibu ambao sijawahi kuuvunja. Kabla ya kugusa ukuta wa mashine ya mbali, naiachia agizo: baada ya dakika kumi, rudisha mambo yalivyokuwa. Nikifanikiwa kuingia tena, nalifuta agizo. Nisipofanikiwa, nakunywa chai nikisubiri mashine inifungulie yenyewe. Fanyeni hivyo hata kama mna digrii tatu.

Kosa jingine nilifanya nikiwa tayari fundi ninayeaminiwa. Nilikuwa na madirisha mawili meusi kwenye skrini, moja la mashine ya karibu na jingine la seva ya mbali. Nikaandika amri ya kuzima kompyuta ya mezani kwangu, niende kula. Nikabonyeza. Ya mezani ikaendelea kung'aa; iliyozimika ni ile ya mbali. Chakula sikukila siku hiyo. Kuanzia kesho yake madirisha yote ya mbali niliyapaka rangi nyekundu, na kabla ya kubonyeza nilisoma jina la mashine kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Wenzangu ofisini walinitania, "Mzee Malimi anaswali." Waacheni wacheke.

Sasa niwaambie ya kisiwani, maana hiyo ndiyo mliyoniomba.

Nilikuwa nimehamia kwenye ofisi iliyohudumia mifumo ya vituo vya afya kando ya ziwa. Mkuu wetu alikuwa Dada Devota, mhandisi, Mhaya mwenye maneno machache. Kituo kimoja kilikuwa kisiwani, nacho kilikuwa na seva moja tu, kompyuta ya kawaida yenye betri yake na ruta yake ya intaneti, kwenye kijichumba nyuma ya famasi. Ndani yake kulikuwa na kumbukumbu za wagonjwa wote. Kadi za karatasi walikuwa wameshaziacha. Kila Jumatatu walikuja watu wanaotumia dawa za kila siku, wengine kwa mitumbwi kutoka visiwa vidogo, na kiasi cha dawa cha kila mmoja kilisomwa kwenye mashine ile.

Mfumo wake endeshi ulikuwa umezeeka. Walioutengeneza hawakuutolea tena viraka vya usalama, maana yake mwizi akipata tundu hakuna wa kuliziba. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilishauri mashine iletwe kwao. Kituo kingekaa wiki kadhaa bila kumbukumbu. Dada Devota akaniita.

"Mzee Malimi, wewe unasemaje?"

Nikaangalia meza. "Inawezekana kuibadilisha ikiwa kule kule."

"Inawezekana, au utaweza?"

Sikuwa nimezoea kujibu swali la namna hiyo. "Nitaweza," nikasema.

"Jumatatu asubuhi watu wakifika mashine haifunguki, watarudishwa nyumbani bila dawa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Haya. Mimi nimesaini."

Nilitafuta kompyuta ya zamani inayofanana na ile ya kisiwani, nikaiweka nyumbani kwangu Pasiansi, juu ya meza ya kulia. Nikaipa mfumo ule ule wa zamani, nikajifanya siwezi kuigusa. Nilikaa chumba kingine na kuibadilisha kwa mbali. Mara ya kwanza haikuamka. Mara ya pili iliamka ikawa bubu. Mama Kulwa akauliza, "Hiyo kompyuta na sisi, nani atakula mezani?" Tukala kwenye mkeka.

Ule ububu ndio ulionifundisha. Mfumo mpya ulikuwa unaibadilishia jina ile kadi ya mtandao. Faili la mtandao linaita jina la zamani, kadi imepewa jina jipya, haiitiki. Mashine ni nzima kabisa, lakini wewe uliye mbali unaiona maiti. Kwa mtu aliyekaa mbele yake ni jambo la dakika mbili. Kwangu ingekuwa kivuko.

Basi nikaandika mafaili mawili ya mtandao, moja lenye jina la zamani na moja lenye jina jipya. Halafu nikaandika programu ndogo ya mistari michache: ukishawaka, iite ruta. Isipoitika kwa dakika kumi, weka lile faili jingine, ujiwashe upya. Mistari hiyo niliiandika kwanza kwenye daftari kwa kalamu, kama kawaida yangu. Kijana mmoja ofisini aliniambia angeiandika kwa dakika tano. Mimi nilitumia siku mbili. Lakini nilipoiweka kwenye ile mashine ya mezani na kuiwekea faili lisilo lake, ilijirekebisha yenyewe ikarudi hewani. Nilirudia mara tatu. Mama Kulwa alikuja kuangalia kwa nini napiga makofi peke yangu.

Nakala ya kumbukumbu zote niliivuta Mwanza kidogo kidogo kwa siku mbili, kwa sababu intaneti ya kule ilikuwa ya kudondoka. Kazi yenyewe nikaipanga Jumapili asubuhi, siku ambayo kituo kinapokea dharura tu, na dharura zilikuwa zinaandikwa kwenye daftari.

Nilibakiza jambo moja. Seva ile ilitunzwa na muuguzi, Sista Tabitha, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha siku tulipoifunga. Nilitakiwa kumpigia simu nimwambie Jumapili asiiguse mashine. Mimi ni mtu wa aibu, na kumpigia mtu simu kwangu ni kama kupandishwa jukwaani. Nikamwandikia ujumbe. Niliutuma Jumamosi, nikaona nimemaliza.

Jumapili nilianza saa tatu asubuhi, nikiwa nyumbani. Nilifungua ile programu inayoshikilia kazi hata mawasiliano yakikatika, kwa sababu ukikatiwa bila hiyo, kazi inakufa katikati. Nikasoma jina la mashine kwa sauti. Nikaanza. Mistari ikawa inashuka vizuri. Faili la mtandao lenye jina jipya nikaliweka mapema, liwe tayari kwa wakati wa kuwaka upya.

Ilipofika kama saa nne niliona wingu limejaa upande wa visiwani. Kutoka kwangu ziwa linaonekana vizuri. Nikasema moyoni, betri ipo, umeme ukikatika itahimili. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Mistari ikasimama.

Nikaiita seva, kimya. Nikaiita ruta ya kule, kimya. Nikampigia Sista Tabitha, simu haipatikani. Nikapiga tena. Kivuko cha siku hiyo kilikuwa kimeshaondoka, na cha kesho kingefika kliniki imeshaanza. Nilipiga simu mara kumi na moja, mimi nisiyependa kupiga hata mara moja.

Ndipo nikakumbuka somo nililomfundisha. Radi za ziwa letu mnazijua. Kisiwani watu wakisikia ngurumo ya kwanza wanazima redio, wanazima simu, wanachomoa kila kitu ukutani. Siku ile nilipomfundisha nilimsifu kwa desturi hiyo, nikaongezea na yangu: bonyeza kitufe cha seva mara moja, subiri taa izimike yenyewe, zima betri, chomoa waya wa umeme, chomoa na waya wa ruta. Nilimrudisha kwenye hatua hizo mpaka akazijua kwa moyo.

Simu ikaita karibu saa tano na nusu.

"Shikamoo mzee Malimi. Naona umenitafuta sana, kuna msiba?"

"Marahaba, mwanangu. Seva umeizima?"

"Nimeizima, baba! Radi ilivyopiga ile ya kwanza tu. Kitufe mara moja, taa ikazimika, betri, umeme, ruta. Sikuruka hata kimoja."

Alisema kwa furaha kama mwanafunzi aliyepata mia.

"Ujumbe wangu wa jana hukuusoma?"

"Jana ilikuwa Sabato, baba. Simu inakaa kabatini mpaka jua lizame. Na leo nimekuta ujumbe kumi na sita, wote wa kuniuzia bando. Ngoja..." Nikasikia akibonyeza simu. "Yesu wangu! Huu hapa, katikati ya mabando. 'Usizime seva.' Mzee, nimeharibu?"

Vijana, hapo ndipo mtu anapojijua. Ningeweza kumlaumu na ofisi nzima ingenisadiki. Lakini alifanya nilichomfundisha, neno kwa neno. Na kwa kubonyeza kile kitufe na kusubiri taa, aliiacha mashine ikusanye vitu vyake kabla ya kulala. Angechomoa waya tu, diski ingeweza kuharibika katikati ya kuandika.

"Hujaharibu," nikamwambia. "Nimekosea mimi, nilitakiwa kukupigia. Radi imeisha?"

"Imehamia kwenu."

Kweli, bati letu lilikuwa limeanza kupigwa na mvua.

"Basi washa. Anza na ruta, halafu betri, halafu seva. Ukimaliza usiguse kitu mpaka nikupigie."

"Hata ikilia?"

"Hata ikilia."

Akawasha. Akaniambia taa ni ya kijani na feni inaunguruma. Ruta ikaniitikia Mwanza mara moja. Seva haikuitika.

Nikajua kilichotokea. Kazi ilikatika katikati, kwa hiyo mashine iliamka na mfumo nusu wa zamani nusu mpya, na kadi ya mtandao ilikuwa bado na jina lake la zamani. Mimi nilikuwa nimeshaweka faili lenye jina jipya. Bubu. Ilibaki ile programu yangu ya siku mbili, kama nayo ilinusurika.

Dakika ya nne simu ikaita, Dada Devota.

"Mzee, inaendaje?"

Ningeweza kusema inaendelea vizuri. "Imezimwa katikati," nikasema. "Imewaka, haijaitika. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Kuna kitu nilikiandika. Kikifanya kazi, itajirudisha. Kama dakika sita zijazo."

"Na kisipofanya?"

"Basi mimi ndiye niliyesema nitaweza."

Hakukata simu. Nilimsikia anapumua. Mama Kulwa alikuja na sahani ya sato, akaniangalia usoni, akarudi nayo jikoni.

Dakika ya kumi ikapita, kimya. Ya kumi na moja, kimya. Nilikuwa nimesahau kwamba baada ya kubadilisha faili ni lazima mashine iwake upya, na ile ya kisiwani huwaka kama mzee anayeamka mgongo ukimuuma. Dakika ya kumi na tatu mstari mmoja ukatokea kwenye dirisha langu jekundu. Halafu wa pili. Ilikuwa inaitika.

"Dada," nikasema.

"Nimekusikia ulivyopumua," akasema, akakata simu.

Niliingia. Nilisoma jina la mashine kwa sauti. Ipo amri ya kumalizia yaliyokatika njiani, niliiandika kwenye daftari miezi kadhaa kabla, bila kujua kama nitaihitaji. Nikaiandika polepole, nikaikagua, nikabonyeza. Mashine ikahesabu vilivyobaki ikaanza kuvimaliza kimoja kimoja. Mara hii nilimpigia Sista Tabitha mwenyewe, nikamwomba akae karibu na kijichumba, hata anga iungurume. Akabeba kiti chake mpaka mlangoni. Saa tisa alasiri niliiagiza mashine iwake upya kwa mara ya mwisho, nikiwa nimerudisha faili la jina jipya. Iliamka, ikaitika, mfumo mpya ukiwa mzima.

Siku hizi mna vifaa vya kuonyesha skrini ya seva tangu inapowaka, mkiwa kwenye viti vyenu. Mnapiga picha ya mashine nzima kabla ya kuigusa, ikiharibika mnarudisha picha. Ni vizuri, vitumieni. Lakini kule mwisho wa waya bado kuna mtu mwenye desturi zake. Mjueni anasali siku gani, simu anazima lini, akisikia ngurumo anafanya nini. Na mpigieni. Mimi aibu yangu nusura iwarudishe watu nyumbani bila dawa, kwa kukwepa maongezi ya dakika moja.

Jumatatu niliingia ofisini mapema kuliko mfagizi. Saa mbili kamili niliona kwenye seva kwamba Sista Tabitha ameingia. Nikampigia bila kuandika kwanza nitakachosema.

"Shikamoo baba. Mbona mashine ni ile ile? Paswedi ile ile, kurasa zile zile. Jana nimekalia kiti mlangoni kama mlinzi wa benki, umebadilisha nini?"

"Marahaba. Majina yanafunguka?"

"Yanafunguka. Watu wamejaa mpaka nje, mitumbwi ya kwanza imeshafika. Subiri kidogo nimwite huyu."

Akaweka simu mezani bila kuikata. Nikamsikia akisoma jina kwenye skrini, herufi zote zikiwa mahali pake: "Mama Bahati!" Na nyuma kabisa ya chumba, ng'ambo ya maji yote yale, mwanamke akaitika:

"Abee!"